Orodha Mpya Kila Siku: Tuzitunze Kompyuta za Vituo Vyetu

Tuseme kituo cha vijana huku Likoni kina kompyuta 10 zinazotumia Ubuntu. Nani atazikumbuka kila siku? Leo tujifunze kuzifanya zijikumbuke zenyewe.

1. Orodha ni nini?
Kila mashine huweka orodha ya programu zilizoko kwenye ghala la mtandaoni. Orodha ikichakaa, ni kama mwenye duka anayekwenda Kongowea na bei za mwaka jana: ataagiza kitu ambacho hakipo tena. Tena mashine haitajua kwamba kiraka cha usalama kimeshatoka.

2. Hatari yake
Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha Windows. Tarehe 12 Mei virusi vya WannaCry vikaingia katika mashine ambazo hazijatiwa kiraka hicho. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Kumbe dawa ilikuwepo miezi miwili!

3. Tufanye nini?
Kupitia mashine moja moja tutachoka. Basi tunaandika agizo mara moja tu katika Ansible, programu iliyoanza 2012. Agizo hilo linapeleka kwa mashine zote, ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/, faili lenye mstari huu:

APT::Periodic::Update-Package-Lists "1";

Hiyo 1 maana yake kila siku. Agizo likirudiwa halidhuru: mashine iliyo sawa inaachwa, iliyoharibiwa inarekebishwa.

Ubuntu imepangiwa kuanza kazi hiyo alfajiri na jioni. Kila mashine husubiri muda wa bahati nasibu, zisije zikasongamana mlangoni kama watu wa feri. Je, stima ikipotea? Kazi itafanywa mashine ikiwashwa.

4. Tuangalie
Kusoma orodha si kunywa dawa. Ili viraka vya usalama viingie, ongeza mstari wa pili:

APT::Periodic::Unattended-Upgrade "1";

Mwenye bando dogo anaweza kuandika 7, yaani kila wiki, lakini ajue kwamba mlango utakaa wazi siku nyingi zaidi.

Maswali ya kujadili kikundini
(a) Kompyuta zetu zilisoma orodha lini mara ya mwisho?
(b) Nani ataandika agizo, na nani mwingine atafundishwa, ili yule wa kwanza akihama kazi isife?
(c) Bando letu linatosha kila siku, au kila wiki?