KIARABU NA KITURUKI: MWANAFUNZI AANZE NA IPI?

Ahimidiwe Mwenyezi Mungu aliyewatofautisha wanadamu kwa ndimi zao. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hata Unyanyembe, na kutoka hapo hata Ujiji, haikupitisha pembe na nguo tu. Ilipitisha na maneno. Kiarabu kilifika Tabora pamoja na wafanya biashara wa Unguja na Omani, kikakaa katika sala, katika vyuo na katika hati za madeni. Kituruki kiliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1889 Wajerumani waliajiri askari wa Kisudani kutoka Misri, ambako vyeo vya jeshi viliitwa kwa Kituruki. Ndiyo sababu majeshi ya Wajerumani katika nchi hii yalikuwa na ombasha na shaushi. Ombasha asili yake ni onbaşı, yaani mkuu wa watu kumi: on ni kumi, na baş ni kichwa. Na afande, neno linalosikiwa hata leo, limetoka katika efendi.

Mwaka 2021 kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi, ilipewa mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Makutupora hata Tabora. Kijana atakaye kazi au masomo huko Uturuki ana haki ya kuuliza habari za lugha hiyo. Lakini wako wanaodhani ya kuwa, kwa kuwa Waturuki wengi ni Waislamu, lugha yao ni jirani ya Kiarabu, na ajuaye moja amekwisha kupata nusu ya pili. Dhana hiyo humpotezea mtu miaka. Kwa hiyo yapasa ibainishwe.

FASILI YA KWANZA: MANENO

Mswahili akifungua kitabu cha Kiarabu hukuta jamaa zake. Shina moja la herufi tatu, kaf, ta na ba, huzaa kataba, ameandika, kitab, kitabu, katib, mwandishi, maktub, kilichoandikwa. Kiswahili kimechukua kitabu, katibu na maktaba. Waturuki nao wamechukua kitap na kâtip, na mektup kwao ni barua.

Hata hivyo maneno yaliyosafiri hubadili tabia. Musafir kwa Kiarabu ni mtu aliye safarini, kama msafiri wa Kiswahili. Lakini misafir kwa Kituruki ni mgeni. Mtu yule yule aliyewasili Unyanyembe na mzigo wake, Mwarabu humwita kwa njia aliyoipita, na Mturuki humwita kwa nyumba iliyompokea. Basi mwanafunzi asitegemee sura ya neno. Aulize na maana yake.

FASILI YA PILI: MUUNDO

Hapa mambo hugeuka. Maneno ya Kituruki mengi ni mageni, lakini namna ya kuyaunga yafanana na ya Kiswahili na ya Kinyamwezi, ijapokuwa lugha hizi hazina udugu wa asili. Ev ni nyumba. Evde ni nyumbani. Evlerimizde ni katika nyumba zetu. Kitendo nacho hurefushwa hivyo hivyo: yazmak ni kuandika, yazılmak, kuandikwa, yazdırmak, kuandikisha, yazışmak, kuandikiana. Tofauti ni kwamba Mswahili huweka nafsi na wakati mbele ya kitendo, akasema niliandika. Mturuki huviweka nyuma, akasema yazdım. Tena kitendo chake hukaa mwisho wa maneno.

Kiarabu hakiungi hivyo. Hubadili neno kwa ndani. Wingi wa kitab ni kutub. Mswahili alisema vitabu, na Mturuki kitaplar, kila mmoja akalivika neno la mgeni nguo za kwao. Kadhalika Kiarabu hupambanua mume na mke, huwa na hiya. Lakini Mturuki husema o tu, kama Mswahili asemavyo yeye.

FASILI YA TATU: HERUFI NA MATAMSHI

Tangu mwaka 1928 Kituruki huandikwa kwa herufi za Kilatini, nazo ni 29; msomaji wa Kiswahili huzizoea upesi. Kiarabu kina herufi 28, na nyingine hutoka kooni mahali ambapo ulimi wa Mswahili haukuzoea. Jambo hili si dogo. Qalb ni moyo, na kalb ni mbwa. Mturuki husema kalp kwa moyo, wala hana kosa katika lugha yake. Lakini atakayeyachukua matamshi hayo katika kisomo ameharibu.

SUALA: Je, Kituruki chaweza kushika mahali pa Kiarabu katika dini?

JAWABU: La. Katika Uturuki wenyewe adhana iliamriwa isomwe kwa Kituruki tangu mwaka 1932. Na mwaka 1950, katazo lilipoondolewa, ilirudi kwa Kiarabu.

SUALA: Aliyekhitimu msahafu chuoni, je, amejua Kiarabu?

JAWABU: Amejua kusoma, na hiyo ni neema kubwa; lakini kufahamu ni elimu nyingine. Wengi husoma kwa sauti nzuri wala hawajui wanachoambiwa. Huyu amesimama mlangoni, na yapasa aingie kwa kujifunza nahau na sarufi.

KHATIMA

Mwanafunzi aangalie nia yake kwanza. Atakaye kuelewa sala yake na Kitabu cha Mola wake, aanze na Kiarabu, asikiache kwa sababu ya uzito. Atakaye kazi au masomo Uturuki, ajifunze Kituruki, wala asione haya. Kitamrahisikia kuliko alivyodhani. Na atakaye zote mbili asizianze siku moja, kwani wapagazi wa njia ile walijua ya kuwa mabega ni mawili, lakini mzigo huchukuliwa mmoja hata kituoni.

Wabillahi taufiki.