Pesa ya Mgodi Ikiingia Uwanjani: Mchezaji, Mzazi na Mwalimu Waulize Nini

Kati ya 2014 na 2024 Shinyanga na Geita zilipeleka timu tatu Ligi Kuu ya Tanzania Bara, na zote tatu zilishuka. Stand United ilipanda 2014, ikashuka 2019. Mwadui FC ilipanda 2015, ikashuka 2021. Geita Gold ilipanda 2021, ikashuka 2024. Kila moja, kwa muda fulani, ilikula kwenye mfuko wa mgodi: Stand kwa kampuni ya dhahabu ya Acacia, Mwadui kwa almasi ya Williamson, Geita kwa GGML, kampuni ya AngloGold Ashanti inayochimba pale mjini.

Makala haya ni kwa kijana anayecheza, mzazi wake, na mwalimu wa michezo anayempeleka UMISSETA. Mgodi hudhamini timu, na timu ndiyo humlipa mchezaji. Kwenye safari hiyo fupi pesa hupotelea njiani, au hukatika ghafla, na anayeumia kwanza ni yule ambaye makubaliano yake hayakuandikwa.

Tuanze na Stand, maana somo lake ni zito. Timu ilizaliwa na vijana wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, ndiyo sababu mashabiki wanaiita Chama la Wana. Ilipofika Ligi Kuu ikiutumia Uwanja wa Kambarage, Acacia wakaingia 2015 na udhamini ambao timu ya stendi haikuwahi kuuota. Pesa ilipokuja, likaja na swali la nani mwenye timu. Upande mmoja ulitaka iendeshwe kama kampuni, upande mwingine ukasema timu ni ya wanachama. Mvutano ukawa mkubwa, na 2016 mdhamini akajiondoa. Miaka mitatu baadaye timu ikashuka. Acacia yenyewe haipo tena: Barrick waliichukua yote 2019, na mgodi wa Buzwagi uliopo Kahama, uliokuwa mmoja wa migodi yake mitatu mikubwa kanda hii, ulisimamisha uzalishaji 2021. Hata kama uongozi wa Stand ungeelewana, bado wangehitaji kumtafuta mdhamini mwingine. Mgodi una umri wake, na bei ya dhahabu haimsubiri mtu amalize msimu.

Geita ni habari tofauti kidogo. Pale timu ilikuwa mikononi mwa Halmashauri ya Mji, na GGML ndiye mdhamini mkuu. Msimu wa kwanza tu, 2021/22, walimaliza nafasi ya nne, na George Mpole akaibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Timu ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan. Kwa mji uliokuwa ukitajwa kwa dhahabu peke yake, hiyo ilikuwa heshima kubwa, na naamini ilistahili. Miaka miwili baadaye ikawa imeshuka.

Mwananchi anayo haki ya kuuliza pesa hizi. Kifungu kilichoongezwa kwenye Sheria ya Madini kwa marekebisho ya 2017 kinamtaka mwenye leseni ya kuchimba aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, ukubaliwe pamoja na halmashauri. Halmashauri nayo ina wajibu wa kusimamia utekelezaji na kuwaeleza wananchi miradi iliyomo. Kando ya hapo, mgodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa asilimia ya mauzo yake. Mifuko hii ni tofauti, na udhamini wa timu waweza kuwa mfuko wa tatu kabisa, pesa ya matangazo ya kampuni. Kwa hiyo diwani akisema "mgodi umeisaidia timu", muulize kwa upole pesa hiyo imetoka fungu gani. Ikiwa ni ya mpango wa jamii, basi inashindana na zahanati na madarasa, na inastahili kujadiliwa kwenye baraza la madiwani, ambalo vikao vyake viko wazi kwa wananchi. Ikiwa ni ya matangazo, kuna mkataba wenye tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo mchezaji anayopaswa kuijua kabla hajasaini miaka mitatu na timu yenye mdhamini aliyebakiza mwaka mmoja.

Wafadhili wadogo nao wapo. Kwenye machimbo, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, likimtemea hununua jezi, hulipa nauli ya timu, huweka ng'ombe kama zawadi ya ndondo. Ni ukarimu wa kweli na vijana wengi wameonekana huko. Lakini pesa ya namna hiyo ni posho. Ipokee, shukuru, wala usiache shule kwa ajili yake.

Sasa karatasi yenyewe. Mkataba wa mchezaji wa timu za kanda hii mara nyingi ni kurasa chache. Ukurasa wa kwanza una majina na muda. Ndani kuna dau la usajili, mshahara wa mwezi, labda bonasi ya ushindi, na nyumba. Kijana huletewa usiku, dirisha la usajili likikaribia kufungwa, anaambiwa asaini nakala zote kisha ataletewa yake. Kama kuna sehemu haijajazwa, usisaini. Nakala yako uondoke nayo siku ile ile, hata kama ni ya kupiga picha kwa simu.

Dau ndilo linalowapofusha wengi. Tuchukue mfano: umeahidiwa dau la milioni 3 na mshahara wa laki 3 kwa miaka miwili. Mshahara peke yake ni laki 3 mara miezi 24, yaani milioni 7.2. Timu ikikupa nusu ya dau mkononi na kusema nyingine itakuja, wewe utakuwa umeshangilia milioni moja na nusu huku milioni 7.2 zikitegemea mdhamini atalipa kwa wakati au la. Jadili mshahara kwanza. Uliza pia kama mshahara unaendelea ligi ikisimama, na nani analipa hospitali goti likivunjika. Mchezaji mwenye mkataba wa ajira ni mfanyakazi kama wengine: NSSF yake jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata zaidi ya nusu ya hiyo, pia mwajiri anatakiwa awe amesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maarufu kama WCF. Klabu nyingi hazipendi kulizungumza hili. Litaje wewe.

Muda wa mkataba nao una mipaka. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa chini ya miaka 18 hawezi kufungwa zaidi ya miaka mitatu, na aliyetimiza 18 asizidi mitano. Mtoto asisaini bila mzazi au mlezi, na mzazi asisaini asichokisoma. Kama mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, mpelekee mtu akutafsirie, hata mwalimu wa kijijini. Mshahara ukikwama, FIFA inampa mchezaji njia: akidai mishahara ya miezi miwili, aiandikie klabu barua ya madai na kuipa siku zisizopungua 15. Zikipita bila malipo, anayo sababu halali ya kuvunja mkataba. Maneno ya mdomo kwa meneja hayahesabiki, wala ujumbe wa hasira kwenye kundi la WhatsApp la timu. Barua iwe na tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Mgogoro ukibaki, hupelekwa Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, na huko ndiko nakala ile ya mkataba itakapokuokoa. Wakala naye lazima awe na leseni ya FIFA, ambayo hupatikana kwa mtihani, na majina ya wenye leseni yapo wazi kwenye tovuti ya FIFA. Anayejiita wakala halafu anaomba pesa ya "majaribio" kwako, achana naye.

Walimu na wenye vituo, hapa pana pesa yenu mnayoiacha mezani. Mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa timu zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi 23. Miaka ya 12 hadi 15, kila msimu ni asilimia 0.25 ya ada yote. Kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Kituo kilichomlea akiwa na miaka 13 hadi 17 kina misimu mitatu ya 0.25 na miwili ya 0.5, jumla asilimia 1.75. Akiuzwa milioni 200, hiyo ni milioni 3.5, inatosha mipira, neti na viatu vya kikosi kizima. Sharti ni moja, na ndilo linalotukosesha: lazima mtoto awe alisajiliwa rasmi na klabu iliyo chini ya chama cha mpira. Timu ya shule ya sekondari ambayo haina usajili huo haipati kitu, hata kama mwalimu alimlea miaka yote hiyo. Shule ikiungana na klabu iliyosajiliwa wilayani, na kuandikishana nani atapata nini, mlango unafunguka. Mwanza, Alliance waliunganisha shule na klabu hadi wakafika Ligi Kuu 2018, kwa hiyo jambo hili linawezekana kwenye ukanda huu. Mwalimu anayetaka kusomea uongozi wa michezo ana chuo jirani, Malya, wilaya ya Kwimba.

Nimeulizwa sana kuhusu vyuo vya Marekani, hasa na wazazi wa wakimbiaji na wacheza kikapu. Njia ni ya zamani: Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, aliitumia akiwa Chuo Kikuu cha Texas El Paso, akawa bingwa wa mita 10,000 wa vyuo mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya hapo akaleta fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980. Hasheem Thabeet alitoka Connecticut kwenda NBA mwaka 2009 akiwa chaguo la pili. Wakati wao chuo kilitoa ada, malazi, chakula na vitabu, na mchezaji alikatazwa kulipwa.

Hilo limebadilika. Tangu Julai 2021 mwanachuo anaruhusiwa kuuza jina na sura yake kwenye matangazo, na matajiri wanaovishabikia vyuo hivyo wakaunda vikundi vya kuchangishana kuwalipa wachezaji. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoruhusu chuo chenyewe kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kijana wa Kishapu akisikia hivyo moyo humruka. Lakini sehemu kubwa ya pesa hiyo inakwenda kwenye futiboli ya Kimarekani na kikapu cha wanaume, michezo inayouza televisheni. Makubaliano hayo yameweka pia ukomo wa idadi ya wachezaji kwa kila mchezo, kwa hiyo nafasi za pembezoni, ambazo mkimbiaji mgeni aliyeanza kuinukia angepata, zimebanwa. Na mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi ya malipo atakavyo: kazi ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na mkataba wa matangazo unaweza kumgharimu viza yenyewe. Mgeni anayeahidiwa "mshahara wa chuo" aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo hicho, kwa maandishi.

Kuna jambo jipya zaidi. Desemba 2025 Serikali ya Marekani iliiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye zuio la sehemu, linalogusa viza za wanafunzi, kuanzia 1 Januari 2026. Masharti ya namna hii hubadilika, hivyo hali ya siku husika iulizwe ubalozini Dar es Salaam kabla familia haijauza hata mbuzi mmoja.

Na matapeli wanalijua soko hili. Fomu ya I-20 inayomwezesha mwanafunzi kuomba viza hutolewa na chuo chenyewe, si na mtu wa kati. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni, dola 350, hulipwa kwa Serikali ya Marekani kwa jina la mwanafunzi, na stakabadhi hutoka papo hapo. Mtu akitaka umtumie pesa hizo kwa namba ya simu, mwombe barua pepe ya kocha inayoishia na anuani rasmi ya chuo, kisha mwandikie kocha huyo mwenyewe kwa anuani iliyoko kwenye tovuti ya chuo, umuulize kama anamjua mwanao na muda wake wa mita 5,000.