Magongo na Ardhi ya Miyuji: Mafunzo Niliyopata

Ukivunjika mguu mtaani kwetu Miyuji, pole hufika kwanza, uji unafuata, kisha jirani anatoa stoo magongo aliyowahi kutumia mjomba wake. Nilipokea vyote kwa shukrani. Nilivunjika muundi wa mguu wa kulia kwa ajali ya bodaboda kwenye barabara ya Arusha, nikafungwa plasta ngumu (POP) hadi juu ya goti. Haya ndiyo niliyojifunza, na natamani kila aliyevunjika ayasikie mapema.

1. Gongo lipimwe kwa mwili wako

Magongo ya mjomba yalikuwa marefu kwangu. Mtaalamu wa fiziotherapia alinisimamisha wima, mabega yamelegea, nimevaa kiatu kile kile nitakachotembelea. Akapitisha vidole vitatu kati ya kwapa langu na kichwa cha gongo; visipopita, gongo ni refu. Kisha akaniambia niuache mkono uning'inie, akashusha kishikio hadi usawa wa kifundo cha mkono, ili nikikishika kiwiko kikunjike kidogo tu. Alifungua nati, akalifupisha gongo, akahamisha bolti ya kishikio matundu mawili chini, akakaza. Ni kazi ya dakika chache, nayo ikaniondolea maumivu ya bega niliyodhani yametokana na ajali.

2. Uzito ukae viganjani

Kichwa cha gongo hubanwa na mbavu, hakibebi mwili. Ndani ya kwapa hupita mishipa ya fahamu ya mkono. Ukiiegemea kutwa nzima, vidole hufa ganzi, na hali ikiendelea kifundo cha mkono kinaweza kulegea ukashindwa kuinua kiganja. Wengi hufunga kanga kwenye kichwa cha gongo ili waegemee vizuri. Kitambaa kinazuia michubuko, lakini mshipa unabanwa vile vile. Kifunge kwenye kishikio, kwa sababu viganja ndivyo vinavyochoka.

3. Ardhi nayo ina neno

Kiangazi njia zetu ni mchanga na changarawe. Mvua zikianza, makorongo yanakatiza vichochoro. Gongo likizama mchangani upande mmoja, mwili wote unafuata. Nilijifunza kupiga hatua fupi na kuyaweka magongo mbele kidogo na pembeni ya miguu, si mbali.

Tazama zaidi mpira wa chini. Mchanga na mawe huula haraka, na ukishakuwa laini kama kiganja, sakafu ya vigae yenye maji inakuangusha. Kila jioni nilipindua magongo nikaangalia mistari ya mpira na kufuta mchanga. Fundi mmoja alitaka kunipigilia kipande cha tairi kwa msumari. Nilikataa: tairi likilika, kichwa cha msumari ndicho kinachokanyaga sakafu. Nunua mpira mpya unaoingia kwa kubana.

4. Fikiria choo kabla ya kurudi nyumbani

Hospitali walinieleza habari za dawa na kliniki, ya choo hakuna. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na mguu uliofungwa POP haukunjiki. Seremala alinitengenezea kiti cha mbao chenye tundu, na ukutani akafunga ubao imara wa kushika. Usishike mlango, unasogea.

5. Anayetembelea magongo maisha yote ana hesabu nyingine

Kwa wiki chache, magongo ya kwapani yanatosha. Kwa mtu wa kutumia miaka mingi, mara nyingi yanayofaa ni ya kiwiko, yale yenye pete inayokumbatia mkono: ni mepesi, hayagusi kwapa, na unaweza kuachia kishikio ukashika funguo au nauli bila gongo kuanguka. Yanahitaji mikono yenye nguvu na mwili unaoweza kujisawazisha, kwa hiyo mtaalamu aamue.

Hapa Miyuji tuna kituo cha Cheshire kinacholea watoto wenye ulemavu, na ndiyo maana nawataja watoto: mwili unakua, gongo halikui. Gongo lililomfaa mtoto mwaka jana linaweza kumpinda mgongo mwaka huu. Nchi yetu haikosi wenye ujuzi. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Mzazi, mpeleke mtoto akapimwe upya.

6. Omba ufundishwe ngazi

Kupanda, mguu mzima hutangulia, magongo na mguu mgonjwa vinafuata. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Ukibakiwa na gongo moja, lishike upande wa mguu mzima. Majirani walinisahihisha mara nyingi wakidhani nimekosea, lakini ndivyo uzito unavyopungua kwenye mguu unaouma.

Usikubali kutoka wodini na magongo mkononi kabla hujapimwa na kupanda ngazi mbele ya mtaalamu. Omba kwa adabu, na kama wana haraka, omba tena.