Chama cha Mshale Miongoni mwa Maskauti wa Marekani

Katika mwaka 1915 Bw. E. Urner Goodman aliwekwa kuisimamia kambi ya Maskauti wa mji wa Philadelphia, iliyokuwa kisiwani Treasure Island katika mto Delaware. Msaidizi wake alikuwa Bw. Carroll A. Edson. Mabwana hao walitaka kuwapa heshima vijana walioshika Ahadi na Sheria ya Skauti kuliko wenzao. Lakini ni nani atakayewachagua?

Wakubwa wakichagua, yamkini watamtwaa yule ajuaye kujionyesha mbele yao. Basi ikaamuliwa kwamba vijana wenyewe wachague, maana wao ndio wamwonao mwenzao akiosha vyombo hali hapana msimamizi karibu. Tarehe 16 Julai wa kwanza waliingizwa chamani. Hata leo wapigao kura ni wenzi wa kikosi, pamoja na wasio wanachama. Jambo adimu, kwani vyama vingi vya heshima huwaachia wanachama kuteua watakaowafuata. Mwaka 1948 chama kilifanywa sehemu kamili ya kazi za Maskauti wa nchi ile, na tangu 2019 wasichana nao huchaguliwa.

Jina lake la kwanza, lililotwaliwa katika lugha ya Walenape, wenyeji wa asili wa pande zile, lilitaja udugu na utumishi wa moyo mkunjufu. Kwa hiyo achaguliwaye haandaliwi karamu. Hulala usiku peke yake nje, na kulipopambazuka hufanya kazi za kambi kwa kunyamaza, akila chakula kidogo tu.