Haijafa, Haijapewa Zamu: Somo la Mota Isiyo na Kaboni

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha Babati, nilipanga chumba Maisaka na shuleni nikapewa fizikia ya Kidato cha Nne. Siku ya mada ya sumaku-umeme nilichora mota ubaoni kama ilivyo kitabuni: koili inayozunguka katikati ya sumaku, kommuteta, na kaboni mbili za kupitisha umeme. Kipindi kilipokwisha, kijana mmoja akanisogelea na mota aliyoichomoa kwenye diski ya kompyuta mbovu, ameshaichomelea waya tatu. Yeye na wenzake walikuwa wameona kwenye simu mapigano ya roboti, yale ya BattleBots ya Marekani, wakataka kutengeneza la kwao.

"Ticha, hii kaboni zake ziko wapi?"

Niligusisha waya mbili kwenye betri. Mota ikashtuka kidogo, ikaganda. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Hii imekufa, katupe." Darasa likacheka. Wiki nzima yule kijana hakunyoosha mkono tena.

Mota yenyewe niliondoka nayo. Jumamosi nikampelekea fundi mmoja pale Maisaka, ambaye siku hiyo alikuwa amefungua gurudumu la pikipiki ya umeme.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, ticha." Akaizungusha kwa kidole, akacheka. "Haijafa hii. Umeipa umeme, hujaipa zamu."

Ndugu msomaji, hiyo zamu ndiyo somo lenyewe. Kwenye mota ya kitabuni, koili ndiyo inayozunguka, na kommuteta hugeuza mwelekeo wa umeme kila inapozunguka. Kwenye mota isiyo na kaboni mambo yamegeuzwa: koili zimetulia, sumaku ndiyo inayozunguka. Ukiwasha koili, sumaku inavutwa hadi inapolingana nayo, halafu inakaa. Ndiyo maana ile ya kijana ilishtuka ikaganda. Ili iendelee, lazima uzime pale na uwashe mbele yake kidogo, sumaku ikimbizwe bila kufika.

Unaweza kujaribu mwenyewe kwa betri ndogo. Waya ziite A, B na C. Gusisha chanya na hasi kwa mpangilio huu: A na B, A na C, B na C, B na A, C na A, C na B, kisha rudia. Kila hatua mota inasogea kidogo. Usishikilie hatua moja muda mrefu, koili zitapata moto. Hatua sita ni mzunguko mmoja wa umeme. Kama sumaku ina jozi nne za ncha, unahitaji hatua 24 ili mota izunguke mara moja kamili.

Mkono hauwezi kasi hiyo, kwa hiyo kazi inafanywa na kontrola. Ndani yake kuna swichi sita za elektroniki, mbili kwa kila waya: moja ya kuunganisha na chanya, nyingine na hasi. Lakini kontrola itajuaje sumaku imefika wapi? Fundi alinionyesha kwenye lile gurudumu waya nene tatu na nyembamba tano. Nene ni za koili. Nyembamba, mbili ni za kulisha sensa, tatu zinaleta habari kutoka kwenye sensa tatu za Hall zinazohisi sumaku.

Ile mota ya diski haina sensa. Kontrola yake husikiliza volti inayozalishwa kwenye waya ambao hauna zamu wakati huo. Tatizo ni kwamba mota ikiwa imesimama, volti hiyo haipo, hivyo mwanzo ni wa kubahatisha.

Sasa turudi kwenye roboti la vita. Silaha inayozunguka huanza bila mzigo, kwa hiyo mota isiyo na sensa inafaa. Magurudumu ni habari nyingine: yanaanza na uzito wote, yanarudi nyuma ghafla, yanasukumana na adui. Hapo mota inayobahatisha itatetemeka pale pale. Dawa ni kutumia yenye sensa, au kuweka gia za kupunguza mzigo.

Tupige hesabu. Mota ya mizunguko 900 kwa dakika kwa kila volti, ikipewa volti 12 bila mzigo, inafika 10,800. Nguvu ya kuzungusha kwa kila ampea ni 9.55 gawanya kwa 900, yaani kama Nm 0.0106. Kwa ampea 20 unapata Nm 0.21 tu. Weka gia ya 20 kwa 1, inakuwa kama Nm 4.2 kabla ya kutoa msuguano. Ukilazimisha kwa kuongeza ampea badala ya gia, kumbuka joto hufuata mraba wa mkondo: ampea mara mbili, joto mara nne. Ndivyo koili zinavyoungua roboti likiwa limebanwa ukutani.

Jumatatu niliingia darasani na mota ileile. Nikasema, "Wiki iliyopita nilikosea. Aliyeuliza alikuwa sahihi." Nikamwita yule kijana mbele ashike betri, darasa zima likimtajia zamu: A na B, A na C... Mota ikatembea. Hakuna aliyecheka.

Roboti lao halijakamilika, kontrola bado inatafutiwa hela. Lakini mikono ilirudi juu, na wa kwanza ulikuwa wake. Sisi wa ualimu tunaogopa sana kusema "sijui" mbele ya wanafunzi. Mimi niliogopa, nikakaribia kutupa mota nzima na mwanafunzi mzuri pamoja nayo. Ukienda mazoezi, ukiletewa kitu usichokijua, usikizike. Beba, mtafute fundi wa mtaani kwenu, umwamkie, uulize.