Mkojo Ukipungua, Usinyamaze

Wadogo zangu, leo tuseme jambo ambalo wengi tunaliona la aibu: mkojo kupungua.

Nyie mnaoshinda sokoni, nawajua. Asubuhi kikombe cha chai, kisha maji hamgusi hadi jioni, maana choo ni kichafu au mnaogopa kuacha biashara. Mwili ukikosa maji, figo huyabana yaliyopo, na mkojo hutoka kidogo, wa njano iliyokolea. Kuharisha, kutapika au kutokwa damu nyingi huleta hali hiyohiyo, tena kwa haraka.

Sasa nisikilize vizuri. Mgongo ukiuma unakimbilia duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo zinaweza kupunguza damu inayofika kwenye figo, na ukizimeza huku mwili umekauka, unaweza kuziumiza. Kama unaharisha au unatapika, mwambie muuza dawa kabla hajakuhudumia.

Wewe mjamzito, mkojo ukipungua huku uso na mikono imevimba, kichwa kinagonga na macho yanaona maluweluwe, nenda hospitali saa hiyohiyo. Huenda ni shinikizo la damu la ujauzito, na likiachwa huweza kuleta kifafa cha mimba.

Baba naye akihangaika chooni, tumbo la chini limejaa na linauma lakini mkojo hautoki, usimnyweshe maji ukidhani utamsaidia. Tezi dume ikivimba huweza kuziba njia. Mpelekeni akawekewe mpira wa mkojo. Na mtoto mchanga akipitisha saa 6 bila kulowesha nepi, mdomo mkavu, analia bila machozi, usisubiri kesho.

Utajuaje kwamba mkojo umepungua mno? Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Mtu mzima kwa kawaida hutoa kati ya mililita 800 na lita 2 kwa siku. Mkojo wa saa 24 usipoijaza hata chupa hiyo, kamwone daktari.

Kama ni kiu na jua tu, kunywa maji kidogo kidogo; ndani ya saa chache mkojo utaongezeka na rangi itapauka. Usipoongezeka, au miguu ikivimba na pumzi ikibana, acha kujilazimisha maji, nenda ukapimwe damu na mkojo. Figo zikiwahiwa, mara nyingi hupona. Basi semeni mapema, wadogo zangu, hata kama mnaona haya.