Dhamiri Nayo Hufundishwa

Mara nyingi twamsikia mtu aliyeonywa akijibu: "Mimi dhamiri yangu hainishitaki." Husema hivyo mchuuzi atiaye maji katika maziwa, husema hivyo karani asiyegusa faili mpaka apewe bahasha, husema hivyo hata baba aliyewaacha wanawe bila chakula. Wote wadhani neno hilo lamaliza shauri. Sisi twaona kwamba halilimalizi.

Dhamiri ni nini? Si sauti ya ajabu isikikayo masikioni, wala si moyo kupenda jambo au kulichukia. Kanisa lafundisha kwamba dhamiri ni hukumu ya akili. Kwa akili aliyopewa na Mungu mtu hulipima tendo alilokusudia, analolitenda, au alilokwisha kulitenda, akatambua kama ni jema au baya. Mtume Paulo aliwafundisha Waroma kwamba hata mataifa wasiopewa Torati ya Musa wanayo sheria ya Mungu ndani yao. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 7 Desemba 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, uliifananisha dhamiri na patakatifu, mahali ambapo mtu yu peke yake na Mungu wake.

Lakini hukumu yaweza kukosea. Tutazame mizani ya dukani. Mwenye duka aweza kupima sukari miezi mingi kwa mizani mbovu bila kujua. Wateja wamepunjwa kweli, lakini yeye hakukusudia kuiba. Siku wateja wanapoanza kunung'unika, mambo yamebadilika. Akiipeleka mizani ikakaguliwe, ni mtu mwaminifu. Akikataa kwa kuwa yampa faida, hawezi tena kujitetea kwamba hakujua, maana kutojua kwake amekuchagua mwenyewe. Ndivyo ilivyo dhamiri. Kosa la asiyeweza kujua halihesabiwi juu yake, ingawa ubaya wabaki kuwa ubaya na wapasa kurekebishwa. Kosa la asiyetaka kujua ni lake.

Basi, tushike kanuni mbili pamoja, tusiziache zitengane. Ya kwanza: mtu apaswa kuitii dhamiri yake inapohukumu kwa hakika. Akiwa na mashaka, asitende kwa kubahatisha; kwanza aulize na kutafuta ukweli. Ya pili: mtu apaswa kuifundisha dhamiri yake siku zote za maisha. Ashikaye ya kwanza peke yake hugeuza tamaa yake kuwa sheria.

Twamkumbuka hapa Franz Jägerstätter, mkulima wa kijiji cha St. Radegund huko Austria. Mwaka 1938, wananchi walipopigishwa kura juu ya nchi yao kuunganishwa na Ujerumani ya Hitler, yeye peke yake kijijini mwake alikataa. Baadaye, katika vita, alijiuliza kama Mkristo aweza kupigana upande wa serikali ile. Hakutegemea mawazo yake tu. Alisoma Maandiko Matakatifu, alisali, aliwaendea mapadre, akamwendea hata Askofu wa Linz. Alishauriwa amfikirie mkewe Franziska na binti zao watatu. Aliwasikiliza, akapima, na hukumu yake ikabaki ile ile. Machi 1943 alipoitwa jeshini alikataa kupigana, akajitolea kuwahudumia wagonjwa na majeruhi, hakukubaliwa. Tarehe 9 Agosti 1943 alikatwa kichwa huko Brandenburg, akiwa na umri wa miaka 36. Tarehe 26 Oktoba 2007 alitangazwa Mwenyeheri katika mji wa Linz, na mjane wake, mwenye miaka 94, alikuwapo.

Twajifunza nini? Kwanza, shauri jema huisaidia dhamiri, lakini halichukui nafasi yake. Mbele ya Mungu kila mtu hujibu mwenyewe. Pili, tulinganishe. Dhamiri ya yule karani humruhusu kila siku yale anayoyapenda; dhamiri ya mkulima huyu ilimdai uhai wake. Dhamiri ambayo haijapata kutunyima chochote tuna haki ya kuitilia shaka: huenda haina amani bali imelala.

Kazi ya kuiamsha huanza nyumbani. Mtoto amevunja bakuli, akaja mwenyewe kusema kweli, akachapwa. Kesho avunja jingine, alificha, asichapwe. Amekwisha kujifunza kwamba ubaya ni kuonekana! Wazazi, msifuni mtoto asemaye kweli hata kama bakuli limevunjika. Tena, msimtume kumwambia mdai kwamba baba hayupo, na baba yumo chumbani. Somo hilo moja laweza kufuta mafundisho mengi ya katekista.

Nasi watu wazima tusidhani kwamba katekisimu tuliyoifunza kabla ya Kipaimara yatutosha mpaka uzeeni. Wazitoa sadaka, wauza na kununua, wasimamia kazi za watu: kila siku wakuta mambo ambayo mtoto hakuyafunzwa. Tulisome Neno la Mungu, tuulize wenye hekima, tusikimbilie tu wale tunaojua watatukubalia. Jioni kabla ya kulala tutumie dakika chache kuitafuta dhamiri: leo nimesema nini, nimepokea nini, nimemwacha nani bila msaada? Kisha tuyapeleke makosa yetu katika Sakramenti ya Kitubio, na kilichochukuliwa kwa udanganyifu kirudishwe kwa mwenyewe.

Anayeanza usiku wa leo aweza kuona neno moja tu la kusahihisha kesho. Na alisahihishe hilo.